Daftari za Kompyuta Nazo Zataka Mlinzi

Katika zama hizi ambapo wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam, Mombasa ama Unguja, wawe wenye duka moja la vifaa vya ujenzi au wenye kampuni ya matawi mengi, wamekwisha kuziweka kando daftari za karatasi na kuzitia hesabu zao katika kompyuta, imeenea dhana ambayo naiona kuwa ni hatari kubwa kwa mali za watu, nayo ni kwamba jambo likisha kuingizwa katika mashine limehifadhika, na mwenyewe hana haja tena ya kulishughulikia. Waraka wa karatasi, maadamu haukuliwa na mchwa wala kuingiwa na maji, hudumu ukimngojea msomaji. Ama waraka wa kompyuta, huo wahitaji programu ya kuufungua, leseni ambayo haijakwisha muda wake, neno la siri, na mtu ajuaye vyote hivyo viko wapi, na kikikosekana kimoja tu, waraka huwa kama haukuandikwa.

Mwaka 1086 Waingereza, kwa amri ya mfalme wao William wa Kwanza, waliziandika ardhi na mali za nchi yao katika kitabu kiitwacho Domesday Book, na kitabu hicho kingali chasomeka katika Nyaraka za Taifa huko Kew. Ulipotimu mwaka 1986, shirika la BBC, likiadhimisha miaka 900 ya kazi hiyo, lilikusanya picha, ramani na maelezo ya maisha ya watu wa zama zao, likayatia katika sahani mbili za leza zilizosomwa kwa kompyuta maalumu. Haikupita hata miaka ishirini, mitambo ya kuzisomea ilikuwa imekwisha kuadimika, hata wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wakalazimika kuunda programu ya kuiiga kompyuta ile ya zamani ili habari zile zisipotee. Hao walikuwa watu wenye elimu na fedha. Na huku kwetu, barua za karne ya 19 zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu zahifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, na ajuaye hati hiyo huzisoma bila ya kumwomba ruhusa muuza programu yeyote.

Kwa mfanyabiashara wa Tanzania Bara, jambo hili lina sura ya sheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yamtaka mlipa kodi azihifadhi nyaraka zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka uo huo, ijapokuwa imeukubali waraka wa kompyuta kuwa ushahidi mahakamani, yaagiza kwamba katika kuupima uzito wake itazamwe namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kupelekwa, na kama haukuingiwa na mkono wa kuugeuza. Basi asiyeweza kueleza nani aliingia katika hesabu zake, na kwa idhini ya nani, ana ushahidi dhaifu hata kama ana haki.

Ninaloliona kuwa ndilo asili ya taksiri yetu ni namna tunavyoajiri. Aghalabu huitwa kijana mjuzi wa kompyuta, akaweka programu, akaisajili kwa barua pepe yake na nambari yake ya simu, akashika yeye peke yake maneno ya siri. Siku akipata kazi penginepo, kampuni nzima humwandama kwa simu. Simlaumu kijana huyo, kwani hakuna aliyempa maagizo ya kufanya vinginevyo. Serikali, pamoja na upungufu wake, ina masijala na ina wasaidizi wa kumbukumbu, na Chuo cha Utumishi wa Umma huwafundisha kazi hiyo huko Tabora. Lakini katika kampuni zetu za binafsi mtunza kumbukumbu huhesabiwa kuwa gharama isiyo na faida, ilhali fedha nyingi zaidi hutolewa kununua programu. Na katika kuajiri huko huko, vyeti na nakala za vitambulisho vya waombaji huachwa miaka mingi katika barua pepe za kila mtu, ijapokuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezifanya habari hizo kuwa dhamana juu ya aliyezipokea.

Rai yangu kwa wenye mali ni hii: programu na isajiliwe kwa jina la kampuni, orodha ya leseni na tarehe za mwisho wake iandikwe, hesabu za kila mwaka zitolewe katika namna isomekayo hata bila ya programu iliyoziandika, na awepo mtu mmoja aliyeajiriwa na kulipwa ujira wa haki kwa kazi hiyo. Nawe msomaji mwenye biashara, wiki hii mwambie karani wako akufungulie hesabu za miaka minne iliyopita mbele ya macho yako. Akishindwa, anza kazi siku hiyo hiyo.