Dawa Iliyotoka Katika Udongo Wetu



Mwaka uliopita kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa kilimsindikiza mama mmoja wa mtaa wetu, hapa Lubumbashi, hadi mpaka wa Kasumbalesa. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Miezi kadhaa nyuma alikuwa amepata mionzi ya nje kwa majuma matano katika nchi jirani, kisha akarudi nyumbani kwa sababu fedha zilikuwa zimekwisha. Sasa, kwa mchango wa jamaa zake, wa shirika la mtaa na wa akina mama wenzake wa sokoni, alikuwa anavuka tena mpaka kwenda kupokea sehemu ya pili ya matibabu, ile ya ndani. Tulipokuwa tukiagana naye alituuliza: “Ikiwa mionzi ya kwanza ilikuwa dawa, mbona daktari anasema kwamba bila hii ya pili sijatibiwa? Na mbona niifuate mbali hivi?”

Hatukuwa na jibu siku ile. Tangu hapo tumesoma, tumewauliza madaktari, tumejadiliana katika mikutano yetu. Swali lake la kwanza ni la elimu, na jibu lake ni rahisi kuliko tulivyodhani. Swali la pili ni la haki, na ndilo linalotufanya tuandike.

Tuanze na lile la kwanza. Mionzi ya nje hutoka katika mashine kubwa iliyo mbali kidogo na mgonjwa. Hupenya ngozi, hupita katika mwili, huufikia uvimbe, kisha huendelea mbele. Njiani hugusa pia viungo vizima. Kwa mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, viungo hivyo ni kibofu na utumbo wa mwisho, vinavyopakana kabisa na mahali penye ugonjwa. Daktari akiongeza mionzi ya nje hadi kiwango cha kuua uvimbe wote, ataviunguza viungo hivyo. Akiipunguza ili kuviokoa, uvimbe utabaki. Hapo ndipo inapohitajika tiba ya mionzi ya ndani. Madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa huiita kiriterapi, kwa jina la Pierre na Marie Curie. Wengine huiita brakiterapi.

Katika tiba hii chanzo cha mionzi hakikai nje. Daktari huingiza vijiti vyembamba vyenye uwazi ndani ya kizazi na kando ya mlango wake, huku mgonjwa akiwa amepewa dawa ya kumtuliza au ya kuzuia maumivu. Vijiti hivyo vikikaa sawasawa, watu wote hutoka chumbani. Mashine husukuma ndani yake, kwa waya, punje ndogo ya chuma chenye mionzi, ndogo kuliko punje ya mchele. Punje husimama hapa sekunde chache, pale sekunde chache, kama ilivyopangwa na mtaalamu wa fizikia, kisha hurudi katika sanduku lake la chuma kizito. Kwa kawaida kazi hiyo ya mionzi yenyewe huchukua dakika chache tu, nayo hurudiwa mara tatu hadi tano kwa siku tofauti.

Nguvu ya njia hii inatokana na umbali. Aliyewahi kuketi karibu na mbabula usiku wa baridi anajua jinsi joto linavyopungua mtu akisogea nyuma. Mionzi nayo ni hivyo: umbali ukizidi mara mbili, nguvu hubaki robo, ukizidi mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Punje ikiwa ndani ya uvimbe, uvimbe hupokea moto wote, na kibofu kilicho sentimita chache kutoka hapo hupokea sehemu ndogo tu. Kwa hiyo mionzi ya ndani si nyongeza kwa wenye fedha. Kwa mwanamke ambaye saratani yake imeenea pale mahali pake bila kufika mbali, ni nusu ya tiba inayoweza kumponya. Tena haipaswi kungojea: wataalamu hushauri tiba yote, ya nje na ya ndani, imalizike katika majuma manane. Mama tuliyemsindikiza alikuwa amevuka mwezi wa tano.

Sasa tulitazame swali la pili. Ili kulijibu hatuna budi kurudi nyuma kidogo, tena karibu na nyumbani.

Mwaka 1898 Pierre na Marie Curie waligundua radiamu huko Paris. Hawakujiandikia haki ya kuimiliki njia ya kuitengeneza. Waliiacha iwe mali ya watu wote. Mwaka 1901 Pierre Curie alimpa daktari Henri Danlos, wa hospitali ya Saint-Louis, radiamu kidogo ya kujaribu kwenye magonjwa ya ngozi. Muda si mrefu madaktari wakaanza kuiweka radiamu ndani ya uvimbe wenyewe au kando yake. Lakini ilikuwa adimu mno. Gramu moja ilifika bei ya zaidi ya dola 100,000, na hospitali nyingi hazikuweza hata kuiota.

Mwaka 1915 yaligunduliwa madini ya uraniamu, yenye radiamu ndani yake, mahali panapoitwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Yalikuwa na utajiri usiokuwa na mfano. Kampuni ya Union Minière iliyachimba na kuyapeleka Ubelgiji, na mwishoni mwa mwaka 1922 kiwanda cha Olen kikaanza kutoa radiamu yake ya kwanza. Bei ya gramu ikashuka hadi dola kama 70,000, na viwanda vya Marekani vikafunga kwa kushindwa kushindana. Kwa miaka kama kumi, radiamu nyingi iliyotumiwa hospitalini ulimwenguni ilitoka katika udongo huu uliochimbwa na mikono ya babu zetu. Wanawake wengi wa Ulaya na Amerika walitibiwa saratani ya kizazi kwa jiwe la Katanga.

Baadaye jina la Shinkolobwe lilijulikana kwa jambo lingine. Uraniamu yake iliingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Watu huikumbuka habari hiyo, na wanayo haki ya kuikumbuka. Ila tunasikitika kwamba ile ya kwanza imesahauliwa. Kabla udongo wetu haujatumiwa kuua, ulikuwa umetumiwa kuponya. Na katika kuponya huko, sisi tuliotoa jiwe hatukupata sehemu yetu.

Wala tusiseme kwamba elimu ya atomu ni ya wageni peke yao. Mwaka 1959 tanuri la kwanza la nyuklia barani Afrika liliwashwa Kinshasa, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, ambacho mkuu wake, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri na mwanafizikia. Vijana wa Kongo walijifunza kazi hiyo hapa nyumbani wakati ambapo nchi nyingi za bara hili hazikuwa na chochote cha namna hiyo.

Leo radiamu haitumiki tena katika tiba hii, kwa kuwa nusu ya nguvu yake huisha baada ya miaka 1,600, na kuitunza ni hatari. Mahali pake hutumiwa hasa iridiamu, ambayo nusu ya nguvu yake huisha katika siku 74. Kwa hiyo punje yake hubadilishwa mara tatu au nne kila mwaka. Nchi ambayo mizigo yake hukawia kwenye forodha inaweza kupokea punje iliyokwisha kuchoka. Lakini kuna mashine zinazotumia kobalti yenye mionzi, ambayo nusu ya nguvu yake huisha baada ya miaka zaidi ya mitano. Punje moja ya kobalti huweza kufanya kazi kama miaka mitano kabla ya kubadilishwa.

Wasomaji wa hapa Katanga hawahitaji kuambiwa kobalti hutoka wapi. Sehemu kubwa ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Lualaba na Haut-Katanga. Ni kweli kwamba kobalti ya tiba hupitishwa kwanza katika tanuri la nyuklia, na kiasi kinachohitajika ni kidogo sana. Hatudai kwamba punje za hospitali zichongwe Kolwezi. Tunachosema ni hiki: nchi ambayo jana ilitoa radiamu na leo inatoa kobalti haipaswi kuwaacha mama zake wauze vyombo vya nyumbani ili wavuke mpaka kutafuta dakika chache za mionzi.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu. Wengine watasema chanjo na uchunguzi ni nafuu zaidi, na kwamba fedha chache tulizo nazo ziende huko. Tunakubali kwamba zianzie huko. Saratani hii huletwa karibu daima na virusi ambavyo chanjo yake ipo, na uchunguzi huweza kuona dalili miaka mingi kabla ya ugonjwa wenyewe. Lakini Shirika la Afya Duniani, lilipopanga mwaka 2020 namna ya kuiondoa saratani hii, liliweka malengo matatu ya kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe, asilimia 70 ya wanawake wachunguzwe, na asilimia 90 ya wagonjwa watibiwe. Chanjo humwokoa binti. Mama yake, ambaye tayari anatokwa na damu, chanjo haimfai tena. Hatuwezi kumwambia kwamba zamu yake imepita.

Wengine wataleta hoja ya usalama: je, nchi yenye vita na wizi iweke vyanzo vya mionzi katika hospitali zake? Hoja hii ni nzito, na hatuipuuzi. Kwa sababu hiyo hatuombi mashine zitawanywe kila mahali. Vituo vichache vyenye ulinzi, vyenye umeme wa uhakika, vyenye wataalamu wa fizikia waliofunzwa na kukaguliwa na wenye mamlaka, vingetosha kuanzia. Tusisahau kwamba pale Shinkolobwe, mgodi uliofungwa na kuzibwa, watu waliendelea kuchimba kwa mikono hadi ulipoporomoka na kuua mwaka 2004. Kutokuwa na hospitali hakujatukinga na hatari ya mionzi. Kumetunyima faida yake tu.

Kuhusu fedha, sheria ya madini ya mwaka 2018 inaziagiza kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Visima na madarasa vinajengwa kwa fedha hizo, nasi tunashukuru. Tunaomba wanaoketi katika kamati za kuzigawa wafikirie pia kuunganisha sehemu ya mafungu yao kwa ajili ya kituo kimoja cha saratani katika eneo hili. Vilevile Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilianzisha mwaka 2022 mpango wa Miale ya Matumaini wa kusaidia nchi zisizo na tiba ya mionzi, na Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuchaguliwa. Wawakilishi wetu wanapofuatilia mpango huo, wasiridhike na mashine ya nje peke yake kwa kuwa ni kubwa na hupendeza kwenye picha za uzinduzi. Waulize kwa jina: iko wapi tiba ya ndani? Nani anafunzwa kuifanya?

Nasi wenyewe tuna wajibu usiongoja serikali. Mama yetu aliporudi, majirani wengine waliogopa kumpa mtoto ambebe, wakidhani mwili wake unatoa mionzi. Haikuwa kweli. Punje ilikuwa imerudi sandukuni kabla hajatoka chumbani. Hakubaki na chochote cha kumdhuru mtu. Wako wagonjwa wengine, hasa wanaume wenye saratani ya tezi dume, wanaowekewa mbegu ndogo za kudumu, na hao huelezwa na daktari tahadhari za muda karibu na watoto wadogo na wenye mimba. Kwa aliyetibiwa kama mama huyu, woga wetu ulikuwa adhabu isiyo na kosa. Katika mtaa wetu tumekubaliana kuanzisha mfuko wa nauli kwa wagonjwa wanaokatiza tiba katikati. Tumekubaliana pia kuwasindikiza dada zetu kwenye uchunguzi kabla hawajaumwa, kwa maana wengi huogopa kwenda peke yao.

Mama huyo angali anafuatiliwa na daktari wake, ambaye hajamwahidi kitu. Kila tunapomtembelea hutuuliza kama tumepata jibu la swali lake la pili. Tumemwambia kwamba tumeliandika hapa, ili wasomaji wetu nao waulizwe.