Mafundi Kilwa waache kupima moto kwa mazoea

Pikapu ya petroli ikizimika Nangurukuru na samaki wa Kilwa Kivinje, mwenye mzigo hutaka haraka. Fundi naye huchomoa waya wa plagi na kuuning'iniza hewani aone cheche. Mazoea hayo ni ya enzi za platini. Koili ya mfumo wa kielektroniki huweza kutoa zaidi ya volti 20,000. Umeme huo ukikosa njia huunguza mfumo, ama humpiga fundi.

Njia salama ni rahisi: zima swichi, chomeka plagi nzima kwenye waya, ibane kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, kisha piga stata bila kuigusa. Kabla ya kununua spea, safisha waya wa ethi ulioliwa na chumvi ya bahari. Mwenye gari asimamie hilo, kwani samaki wakioza hasara ni yake.