Kutu Haifichwi na Stika

Wasee, hebu tuongee ukweli. Rangi ya mlango wa gari ikianza kufura pale chini, kutu imeshaanza kazi kitambo.

Mimi niliona kiputo kama punje ya ndengu kwenye mlango wa gari ya mzee. Nikabandika stika juu yake, nikapiga picha, nikapost. Mvua ya masika ikapita. Siku nimebandua stika, kidole kikazama ndani. Mzee aliangalia tu, akanyamaza. Hiyo kimya iliniuma kuliko kelele.

Fundi akanionyesha kitu sikuwa najua: chini ya mlango kuna vitundu vya kutoa maji. Vyetu vilikuwa vimezibwa na matope. Maji ya mvua hupenya kando ya kioo, yakikosa njia yanakaa humo, bati linaliwa polepole kutoka ndani.

Kwa hivyo ukiona kiputo, usingoje. Piga msasa mpaka bati ling'ae, paka dawa ya kutu, praima, halafu rangi. Zibua vitundu na kijiti. Kama unaishi Mombasa, harakisha zaidi. Hewa ya chumvi haina huruma.

Na fundi akitaka kupaka fila juu ya kutu, ati "itakaa poa", mshukuru, enda kwingine. Kutu itaendelea kula huko chini.

Mimi bado namlipia mzee mlango mwingine, kidogo kidogo. Wewe leo jioni inama tu uangalie gari ya kwenu.