Trekta Haikuchakaa, Ilivunjwa

Katika mdahalo wa Kiswahili wa muhula uliopita nilishindwa, tena kwa kura nyingi. Mada ilisema hivi: "Mashindano ya kuvuta mizigo kwa trekta yanachakaza trekta za wakulima." Ilizaliwa bwenini, siku mwenzetu mmoja alipotuonyesha kwenye simu yake video za mashindano hayo kutoka Marekani: trekta inanguruma, moshi mweusi unapaa, magurudumu ya mbele yananing'inia hewani, na watu wanashangilia kana kwamba ni fainali ya kandanda. Mhadhiri wetu alipoomba mada ambayo haitatuingiza kwenye siasa, tukampa hiyo. Mimi nilisimama upande wa kupinga. Upande wa kuunga mkono ulikuwa na hoja moja tu, ila iliyosemwa kwa sauti kubwa: chombo cha kulimia si cha kuchezea. Ukumbi ukapiga makofi, kisha tukaenda kula.

Nimepewa kurasa hizi chache, nami nazitumia kukata rufaa.

Nianze na kitenzi, kwa sababu sisi ni wanafunzi wa lugha na hapo ndipo wenzangu walipoteleza. Mada ilisema kuchakaza. Shati huchakaa: linapauka, kola inaisha, nyuzi zinalegea, na huwezi kutaja siku lilipoharibika. Chungu kilichoanguka hakikuchakaa. Kimevunjika, na kila aliyekuwepo anaweza kukwambia ni saa ngapi. Fundi wa trekta ana vitenzi vyake na havichanganyi: klachi inalika, beringi inasagika, gasketi inaungua, jino la gia linavunjika, ekseli inakatika. Kila kitenzi kinaelekeza kwenye chanzo tofauti. Wenzangu walileta mifano ya ekseli zilizokatika na injini zilizoungua, wakayaita yote kuchakaa, na hakuna aliyewasimamisha. Nami sikuwasimamisha, kwa kuwa nilikuwa nahesabu dakika zangu.

Mchezo wenyewe haukuanzishwa na wahuni. Wakulima wa Marekani walikuwa wakishindanisha farasi wao tangu karne ya 19. Farasi alikokota mzigo, pengine mlango wa ghala uliolazwa chini, huku watu wakipanda juu yake mmoja mmoja mpaka mnyama ashindwe. Mwaka 1929 trekta zikaanza kuchukua nafasi ya farasi, katika mashindano ya Bowling Green jimboni Missouri na ya Vaughansville jimboni Ohio. Chama cha taifa cha mchezo huo kiliundwa mwaka 1969 ili sheria ziwe moja. Siku za mwanzo trekta iliyoshindana Jumapili ndiyo iliyolima Jumatatu, na wakulima walijivunia jambo hilo.

Madaraja ya juu ya leo hayako hivyo tena. Kuna mashine zenye injini kadhaa zilizofungwa pamoja, nyingine zikiwa injini za ndege, na nyingine zinazochoma alkoholi badala ya dizeli. Hazijawahi kulima hata tuta moja. Kuzitaja katika mjadala wa trekta za wakulima ni kumshitaki ng'ombe kwa kosa la nyati. Hata hivyo lipo daraja la trekta za kawaida za shambani, na lipo la trekta kongwe, kama vile John Deere na Farmall za miaka ya 1940 na 1950. Hizo ndizo zinazotuhusu.

Trekta hizo huvuta tela maalumu lenye boksi la vyuma vizito. Mwanzoni boksi liko nyuma, juu ya magurudumu ya tela. Trekta inaposonga, boksi linasogea mbele na kukandamiza bamba la chuma linaloburuta udongo. Mzigo kwa hiyo huanza mwepesi na kuzidi kuwa mzito hadi tairi ziteleze au injini izimike. Anayefika futi 300, yaani mita 91 hivi, amemaliza uwanja. Na kuna sheria moja ambayo naomba msomaji aishike, maana nitairudia: mnyororo lazima uwe umekazwa kabla ya kuondoka. Dereva haruhusiwi kuuacha ulegee kisha airushe trekta mbele.

Sasa, kipi kinachochakaa hapo? Mvuto mmoja unakwisha kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Trekta inayolima kwa jembe la sahani huvuta asubuhi yote, mavumbi yakiingia kwenye chujio la hewa na oili ikichemka. Kama kuvuta kunachakaza, basi shamba ndilo mchakazaji mkuu. Neno lenyewe "trekta" lina asili ya Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kuvuta. Jimbo la Nebraska lilipitisha sheria mwaka 1919 kwamba trekta mpya isiuzwe huko kabla ya kupimwa, baada ya mkulima mmoja aliyekuwa mbunge, Wilmot Crozier, kuuziwa trekta mbovu iliyobeba jina la Ford bila uhusiano wowote na Henry Ford. Upimaji ulianza mwaka 1920 mjini Lincoln, na sehemu kubwa ya kipimo hicho ni kuivutisha trekta mzigo kwenye njia maalumu, saa baada ya saa. Trekta isiyostahimili kuvuta haijastahili jina lake.

Lakini sitaki kushinda rufaa kwa hila. Hoja ya dakika ina tundu, na mwenzangu wa upande wa pili angeliona kama asingekuwa anashughulika na makofi. Chuma hakihesabu dakika peke yake. Kinahesabu pia ukubwa wa nguvu, na zaidi ya hapo kinahesabu kishindo. Jino la gia linaweza kubeba mzigo wa wastani kwa miaka kumi na kuvunjika kwa pigo moja. Kwa hiyo swali la haki si "kwa muda gani?" bali "nguvu iliingiaje?"

Hapa tairi ndiyo shahidi wangu. Katika trekta iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani, tairi ni fyuzi. Mzigo ukizidi, tairi inateleza kwenye udongo, na nguvu iliyobaki inapotelea kwenye vumbi badala ya kwenda kuyapiga meno ya difu. Ukifunga vyuma vya uzito mbele na nyuma kupita kiasi, ukapunguza upepo wa tairi ili zishike vizuri, umeiondoa fyuzi na kuweka msumari. Sasa tairi haitelezi, na kitu kingine lazima kitoe. Ukifungua pampu ili injini ipate dizeli zaidi, ule moshi mweusi unaoshangiliwa ni dizeli isiyoungua yote, na joto ndani ya silinda linapanda hadi pistoni na gasketi ziko hatarini. Kwa sekunde chache huenda injini ikavumilia. Mkulima anayerudi nyumbani bila kurudisha pampu mahali pake, kisha akalima siku nzima, ndiye anayeiua injini. Ataiua Jumatatu, na lawama itakwenda Jumapili.

Nakubali basi bila kusitasita kwamba trekta iliyoongezwa uzito na dizeli ili ishinde inaumia. Ninachokataa ni kuibebesha mashindano kesi nzima, kwa maana tukifanya hivyo tunamwachia huru mtu ambaye hajawahi kusikia habari za mashindano na anayeharibu trekta kila msimu wa mvua. Mtu huyo namjua. Siku moja nilikuwa mimi.

Kwetu ni wilaya ya Masindi, hapa Uganda, nchi ya mahindi na miwa. Kaka yangu aliendesha trekta ya mzee mmoja wa kijijini kwa miaka mitatu, akilimia watu kwa ekari, na karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye mshahara huo. Krismasi moja vijana walimwomba avute gogo la mvule lililokuwa limelala kando ya uwanja wa mpira. Akalifunga, akaukaza mnyororo polepole, akaanza kulikokota. Watoto wakapanda juu ya gogo, kisha vijana, kisha hata mwalimu wa kwaya, mpaka tairi zikaanza kuteleza kwenye majani. Akakanyaga klachi, akazima injini, watu wakacheka, basi. Wakati huo hatukujua kwamba wakulima wa Marekani walianza mchezo wao kwa namna karibu ile ile.

Miezi mitatu baadaye mvua ilinyesha na lori la miwa likazama barabarani hadi kwenye ekseli. Mwenye lori alimpa mzee pesa, mzee akampigia kaka simu. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikaenda kusaidia. Kaka alilitazama lori akasema lipunguzwe miwa kwanza. Mzee akajibu kwamba hakulipwa kupakua miwa. Mimi ndiye niliyefunga mnyororo, na niliufunga ukiwa umelegea mita mbili hivi, kwa kuwa niliambiwa niharakishe. Jaribio la kwanza halikufaa. La pili mzee alipiga kelele, "Irushe!" Kaka akairusha. Mnyororo ulinyooka kwa mlio ambao hadi leo siusahau, na ndani ya nyumba ya difu kitu kikapasuka kama jiwe lililopigwa nyundo.

Kikao kilikaa jioni ile ile. Hakuna aliyelitaja lori. Walilitaja gogo. Wazee walisema trekta ilichoshwa Krismasi, kwamba kijana aliichezea mali ya watu na chuma hakisahau. Kaka alifukuzwa kazi na malimbikizo ya mshahara wa miezi miwili yakazuiwa ili kulipia gia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyuma ya wajomba zangu, mikono yangu ikinuka grisi ya mnyororo, na sikufungua kinywa.

Siku ya tatu fundi aliifungua difu. Alinionyesha jino lililovunjika akanieleza jambo ambalo tangu hapo nimeliona pia vitabuni. Jino lililoanza kuumia zamani huonyesha sehemu mbili kwenye mpasuko: moja laini, wakati mwingine nyeusi, yenye mistari kama ile inayoachwa na maji ufukweni, ambapo ufa ulitembea kidogokidogo, na nyingine ya chengachenga, ambapo lilikatika mwishoni. Jino lile lilikuwa chengachenga tupu, ling'aalo kama sukari iliyomwagwa, kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na ufa wa zamani. Gogo halikuacha alama yoyote pale. Nilimwomba fundi aje akiseme hicho mbele ya mzee. Akaniuliza kama mimi ndiye nitakayemlipa.

Ndiyo maana nilikasirika zaidi ya ilivyofaa mdahaloni, na wenzangu walionicheka sasa wanajua sababu. Ukumbi ule ulirudia hukumu ya kikao kile, neno kwa neno: kwa kuwa kulikuwa na mchezo, basi mchezo ndio mkosaji. Furaha ya watu huonekana haraka kuliko mnyororo uliolegea. Anayetaka kupiga vita uharibifu wa trekta aanze na maswali anayoulizwa dereva barabarani mvua ikinyesha: mnyororo umekazwa? Mzigo umepunguzwa? Nani anapiga kelele, na amelipwa shilingi ngapi? Mashindanoni angalau kuna mtu mwenye bendera nyekundu anayeweza kumsimamisha dereva. Siku ile ya lori hapakuwa na bendera.

Kaka sasa anaendesha bodaboda mjini Hoima. Nimemweleza kuhusu mnyororo, mwaka jana, kwa simu. Alinyamaza kidogo, akasema alijua tangu siku ile, kwa kuwa aliuona kwenye kioo.

Chama cha Kiswahili kikitaka mdahalo urudiwe muhula ujao, niko tayari, upande ule ule. Jino fundi alinipa. Ninalo bwenini, nitalileta.