Sakafu, Rangi na Mwenye Kufagia



Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, alinijia mama mmoja akifuatana na kaka yake. Alikuja na kesi ambayo sijapata kuiona katika vitabu vyetu vya nikaha. Mumewe yuko Ghuba kwa kazi, huu mwaka wa saba, na kwa jasho lake wamejenga nyumba ya vyumba vitatu upande wa Kisauni. Kuta zimesimama, mabati yameezekwa, lipu imepigwa. Zimebaki sakafu na rangi, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Mume ametuma picha kwa simu: vigae vikubwa vyeupe ving'aavyo kama kioo, nyumba nzima, kuanzia barazani hadi chooni, na kuta za kijivu. Mke hataki. Wametupiana maneno, na kwa siku kumi na moja simu ikilia humpa mtoto aipokee.

"Sheikh," akaniambia, "yeye nyumba hii ataiona siku arubaini kwa mwaka. Mimi nitaifagia siku zote zilizobaki."

Nilimwomba anipe muhula. Wapo watakaoshangaa kwamba jambo la vigae limhitaji mtu kufikiri, lakini mimi nina sababu yangu, na nitaieleza japo hainipendezi.

Miaka mitatu nyuma nilikarabati nyumba yetu. Vigae vya upenu unaoelekea chooni na kwenye bomba la kutawadhia nilivichagua peke yangu, bila kumshauri mtu. Dukani vilimetameta, nami vikanipendeza. Mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sabini na minne, alitoka kutawadha Alfajiri na nyayo zake zikidondosha maji. Alivunjika nyonga. Tangu siku ile husali juu ya kiti, na chooni haendi ila kwa kushikwa mkono. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linalonichoma.

Basi jambo la kwanza nililomwambia yule mama ni hili: kigae hakichaguliwi kikiwa kikavu. Mwombe muuzaji akupe kimoja, kimwagie maji, kisha kikanyage kwa mguu mtupu. Kile chenye uso mkavu usiong'aa, au chenye chembechembe kidogo, kitaushika mguu. Kile cha kioo kitautupa. Chooni, jikoni, upenuni na barazani, ambako mvua ya masika hurusha maji hadi mlangoni, pasiwekwe cha kung'aa, awe amekitaka mume au mke. Vigae vidogo chooni vina faida nyingine: viungo vyake ni vingi na mguu hupata pa kushika, na fundi huweza kuinamisha sakafu kuelekea shimo la maji bila ya kukata kata. Maji yakituama, hata kigae kizuri huota utelezi.

Kisha kuna hiyo rangi nyeupe. Nyumba za Ghuba hufungwa madirisha mchana kutwa kwa ajili ya kiyoyozi, na nyingi zina mtu aliyeajiriwa kupangusa. Zetu sisi zinaishi kwa upepo. Kaskazi na kusi zote twazifungulia madirisha, na kila upepo uingiao huja na mchanga wake, moshi wa jiko la jirani na vumbi la barabara isiyotiwa lami. Sakafu nyeupe itaonyesha kila unywele na kila unyayo. Anayeitaka na aitake, ila ajue anaongeza saa ngapi katika siku ya mtu mwingine. Rangi ya mchanga, au ya maziwa yenye madoadoa, huficha mengi hadi jioni. Nyeusi nayo isidhaniwe kuwa ni dawa, kwani vumbi letu ni jeupe na juu yake huonekana kama unga.

Wazee wetu walikuwa na jawabu lao. Katika nyumba za mawe za Lamu, sakafu ilikuwa ya chokaa iliyoshindiliwa juu ya boriti za mikoko, na kuta nene za matumbawe zikapakwa chokaa nyeupe, zidaka zikachongwa humo humo. Baadaye ikaja sakafu ya simiti nyekundu, ambayo wengi wetu tulilelewa juu yake. Mama zetu waliipaka nta na kuisugua kwa kumbi la nazi hadi ikawa baridi kama mtungi. Hadi leo ndiyo rahisi kuliko vigae, na kama fundi anaijua kazi, haipasuki upesi. Tatizo ni kwamba mafundi waijuao wanazidi kupungua, na vijana huiona ni ya kimaskini. Mimi naiona nzuri, lakini sitamlazimisha mtu.

Kuna walioniuliza juu ya zulia la ukuta kwa ukuta. Hapa fiqhi inaingia. Kisa cha bedui aliyekojoa msikitini Madina ni mashuhuri: Mtume (s.a.w.) hakutaka akatizwe, kisha akaamuru pamwagwe ndoo ya maji. Sakafu ngumu hutahirika kwa wepesi namna hiyo: waiondoa najisi yenyewe, wamimina maji, umemaliza. Mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajala ila maziwa, kuurashia maji kunatosha. Wa kike huoshwa. Lakini zulia lililogundishwa halitoki kwenda uani likasuzwa na kuanikwa. Maji ukiyamimina ya kutosha kulishinda, litakaa na unyevu siku tatu na kuvunda. Na jua peke yake halitahirishi katika madhehebu yetu ya Shafii. Nyumba yenye watoto wachanga bora itandikwe busati au mkeka, kitu cha kukunjwa na kutolewa.

Kuhusu kuta, nilimuuliza yule mama lipu ilipigwa lini. Akasema wiki iliyopita. Basi hata wangekubaliana juu ya rangi, bado haijafika saa yake. Lipu mpya huachwa takriban wiki nne ikauke kabla ya kupakwa. Ikipakwa mbichi, unyevu hutafuta njia ya kutokea na kuibandua rangi. Na hapa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Mchanga wa ufukweni ukitumika kwenye lipu, ukuta utatoa unga mweupe mwaka hadi mwaka, na hapana rangi itakayouzuia. Wenye nyumba kongwe za matumbawe Mji wa Kale wajihadhari zaidi: kuta zile huvuta na kutoa unyevu, na ukizifunika kwa rangi ya mafuta au ya plastiki, unyevu hunaswa ndani na lipu huporomoka vipande vipande. Zistahiki chokaa, kama zilivyozoea.

Kwa nyumba mpya ya matofali, rangi ya maji yatosha vyumbani. Rangi ya mafuta, ambayo hufutika, iwekwe jikoni na kwenye ujia, kuanzia chini hadi kifuani, mahali mikono ya watoto inapofika. Anayekwangua rangi kuukuu ya mafuta asiikwangue ikiwa kavu na watoto wakiwapo, kwa kuwa rangi za zamani nyingi zilitiwa risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto.

Kijivu cha mume sikukikataa. Ila nilimweleza mama kwamba rangi hubadilika kwa mwanga. Chumba cha magharibi, ambacho jua la alasiri hukichoma, kijivu au samawati hafifu hukipoza macho. Chumba cha ndani chenye dirisha moja, kijivu hukifanya kama pango. Hicho kipewe nyeupe au rangi ya maziwa, na dari zote ziwe nyeupe. Apake kipande cha ukuta kama mlango, akitazame asubuhi, adhuhuri na usiku kwa taa, ndipo aamue.

Hesabu nayo ni muhimu, maana fedha nyingi hupotea hapo, na israfu haikomei kwenye chakula. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Kwa vigae vya sentimita 30, vyahitajika 134. Ongeza sehemu ya kumi kwa vitakavyovunjika. Nambari ya toleo kwenye maboksi iwe moja, kwani rangi hutofautiana kati ya toleo na toleo. Kuta za chumba hicho zikiwa na kimo cha mita 3, ukitoa mlango na dirisha, hubaki kama mita 38. Lita moja hupaka takriban mita 10, kwa hiyo mikono miwili yataka lita 8. Fundi akikuagiza lita 20 kwa chumba kimoja, muulize zinakwenda wapi.

Hayo yote nilimwandikia mume, kwa idhini ya mkewe, na ya mama yangu nikamweleza. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu nikapata ujumbe wake wa sauti. Kazi yake kule, akasema, ni usafi. Vigae vile vyeupe ndivyo anavyovisugua kila siku katika nyumba za watu, na alikuwa ameweka nia kwamba mkewe naye awe navyo.

Nilimpelekea mke sauti ile kama ilivyo, bila kuongeza neno. Jioni alimpigia simu mumewe mwenyewe. Wamekubaliana: sebule itakuwa na vigae vyeupe, vya kung'aa, chumba kimoja tu, na likizo yake ikifika yeye ndiye atakayevisugua. Kwingine kote ni rangi ya mchanga, isiyong'aa. Kijivu kitapakwa chumba cha magharibi.

Nami Jumamosi fundi anakuja kuvibomoa vigae vya upenuni. Mama ameomba pawekwe simiti nyekundu.

Wabillahi tawfiq.