Ajabu zetu zimehamia London

Jamani, jina Beit al-Ajaib halikuja bure. Jumba hilo la Sultan Barghash, la mwaka 1883, ndilo lililotangulia Zanzibar kuwa na umeme, na lifti pia. Watu wakashangaa, jina likabaki.

Leo ajabu tunazifuata kwa wenzetu. Msanii Lubaina Himid alizaliwa hapa mwaka 1954. Kazi yake "Old Boat/New Money" ni mbao ndefu zilizoegemezwa ukutani, zimechorwa simbi, zile zilizowahi kuwa pesa ya kununulia watu. Sauti ya bahari inasikika. Jahazi hulioni, lakini sikio linakwambia umo chomboni. Tate Modern, London, waliionyesha kuanzia 2021. Mimi nimeiona kwenye kompyuta tu, nami naishi hatua chache kutoka Forodhani!

Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu wawili. Tunapolijenga upya, tusirudishe makabati ya vioo peke yake. Kitengwe chumba kimoja chenye giza na spika, wakabidhiwe vijana wetu wa muziki na kompyuta. Mtasema ghali. Sauti ya bahari ya Unguja inauzwa bei gani, wadau?