Kabla Hujalipa Elfu Kumi na Tano, Geuza Mita Uisome

Kila mwaka wa masomo ukianza, mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme wanapewa orodha ya vifaa. Kikokotoo, koti la maabara, vifaa vya kuchorea, halafu mstari mmoja mfupi: maltimita ya kidijitali, moja. Basi, hakuna maelezo zaidi. Bumu likiingia, watu wanapanda daladala hadi Kariakoo, na jioni kila chumba bwenini kina mita ya njano.

Na mimi nilinunua ya kwangu hivyo hivyo. Muuzaji alianzia elfu ishirini, nikambana mpaka elfu kumi na tano, nikajiona mjanja kweli kweli. "Mdogo wangu, hii ina kila kitu," aliniambia. Inapima volti, ampea, omu, dayodi, mpaka transista. Nilihesabu nafasi kwenye swichi ya kuzungusha, nikakuta ishirini. Mwenzangu mmoja alikuwa na mita yenye nafasi chache na bei kubwa zaidi. Tulimcheka wiki nzima.

Kicheko kiliisha tulipokwenda mafunzo kwa vitendo. Asubuhi moja rafiki yangu alipima mkondo wa mota ndogo ya DC, kwa hiyo waya mwekundu ulikuwa kwenye tundu la ampea 10. Mchana akaitwa haraka: angalia kama umeme wa njia tatu umefika kwenye bodi. Akazungusha swichi hadi kwenye volti za AC, akagusa fezi mbili kwa ncha za mita. Waya mwekundu alikuwa hajauhamisha.

Kwa wasiosoma umeme, niwaeleze. Tundu la volti lina ukinzani mkubwa ili mita isivute mkondo. Tundu la ampea lina ukinzani mdogo sana, karibu na sifuri. Ukipima volti kupitia tundu la ampea, ni sawasawa na kuchukua kipande cha waya na kuunganisha fezi na fezi. Kati ya fezi mbili kuna volti 400. Tulisikia mlio, tukaona mwanga mweupe, na mita ikawa vipande. Rafiki yangu yupo, anasoma, namshukuru Mungu. Lakini ngozi ya vidole vyake viwili imebadilika rangi, na mpaka leo akifika mbele ya bodi anasita.

Fundi aliyekuwa anatusimamia alisema kosa ni la mwanafunzi. Ni kweli, lilikuwa lake. Ila kosa la kusahau waya mmoja atalifanya kila mtu siku moja, akiwa amechoka au anakimbizwa. Kwangu mimi, swali la kwanza la kuiuliza mita ni hili: nikikosea, nini kitatokea?

Usiku ule nilichukua mita yangu nikaisoma kwa mara ya kwanza tangu niinunue. Pembeni ya tundu la ampea 10 kulikuwa na neno dogo "UNFUSED". Yaani halina fyuzi. Nilitembea na neno hilo kwenye begi miaka miwili.

Kwa hiyo cha kwanza kulinganisha ni fyuzi. Mita iliyotengenezwa vizuri ina fyuzi kwenye matundu yote ya ampea, na si zile za kioo za redio. Ni fyuzi nene zilizojazwa mchanga laini, zenye uwezo wa kukata mkondo mkubwa bila kupasuka, na nyingi zimeandikwa volti 600 au 1000. Kwa mita kama hiyo, kosa la rafiki yangu lingeunguza fyuzi, na hadithi ingeishia hapo. Mita kubwa kama Fluke 87V inapiga hata mlio wa onyo ukiacha waya kwenye tundu la ampea huku umechagua volti. Sisemi ununue hiyo, bei yake si ya mwanafunzi. Nasema ujue kwamba kitu hicho kipo.

Cha pili ni alama ya CAT. Hii inatoka kwenye kiwango cha kimataifa cha usalama, IEC 61010. CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni kwa umeme uliojengewa ndani ya jengo, kama bodi na mota kubwa zilizofungwa moja kwa moja. CAT IV ni kule umeme unakoingilia, nyaya za kutoka nguzoni mpaka kwenye mita ya Luku. Kadiri unavyokaribia nguzo, ndivyo mruko wa ghafla wa volti, kwa mfano wakati wa radi, unavyokuwa na nguvu zaidi. Mita ya CAT II volti 600 inajaribiwa kwa mruko wa volti 4000, ya CAT III volti 600 kwa volti 6000. Namba 600 ni ile ile, lakini uwezo ni tofauti.

Sasa angalia, alama yoyote inaweza kuchapishwa na mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapia. Ndiyo maana nasema fungua mgongo kabla ya kulipa. Ukikuta mita imejiandika CAT III volti 600, halafu ndani kuna kifyuzi cha kioo cha volti 250, hapo mita imejikana yenyewe. Muuzaji akikataa usifungue, nenda duka la pili.

Ndipo tuje kwenye namba ambazo sisi wanafunzi hubishania sana. Mita za njano huishia 1999 kwenye kioo. Ukipima umeme wa soketi, kipimo cha volti 200 hakitoshi, unapanda kipimo cha juu na unasoma 230 kavu. Mita ya hesabu 6000 itakuonyesha 230.4. Ni vizuri, lakini tarakimu nyingi si usahihi. Usahihi umeandikwa kwenye kijitabu ambacho wote tunatupa. Ukisoma asilimia 0.5 jumlisha tarakimu 2, maana yake volti 5.00 kwenye kipimo cha 20 inaweza kuzidi au kupungua kwa volti 0.045. Kwa maabara yetu, hiyo inatosha kabisa.

Kinachotupotezea maksi bila kujua ni ukinzani wa kuingilia. Unga rezista mbili za megaomu 1 kwa mfululizo kwenye volti 10. Katikati unategemea volti 5. Mita yenye megaomu 10 itasoma kama 4.76. Mita nyingi za njano zina megaomu 1 tu, na hizo zitasoma 3.33. Wangapi tumeandika kwenye ripoti kwamba rezista ni mbovu, kumbe mita yenyewe imejiunga kwenye saketi?

Alama ya TRMS nayo ina kazi yake. Mita isiyo nayo inakadiria kwamba kila wimbi ni laini kama la umeme wa gridi. Ukipima wimbi la mraba, namba inazidi kwa asilimia 11. Kama mradi wako ni inveta za sola, itafute. Kama siyo, usiilipie kwanza.

Najua jibu litakalokuja: hela hakuna. Jamani, hata mimi naishi kwa bumu. Na sisemi mita ya njano ni takataka. Kwa betri na saketi za volti 5 inafanya kazi nzuri, ya kwangu bado ninayo. Nimeiandika kwa kalamu nene: BETRI TU. Tatizo ni kwamba ile orodha haitofautishi, na mwanafunzi anaondoka na kifaa cha volti 5 kwenda kugusa volti 400.

Nina mapendekezo matatu. Idara ibadilishe ule mstari mmoja uwe na masharti: fyuzi kwenye matundu yote ya ampea, CAT III volti 600, ukinzani wa megaomu 10. Ni wino wa mstari mmoja tu. Pili, maabara tunafanya kwa makundi, basi tununue kwa makundi. Watano wakichanga elfu kumi na tano zao wana elfu sabini na tano, na muuzaji atawaonyesha kabati lingine. Tatu, serikali yetu ya wanafunzi, ambayo ina jezi na spika za kuazimisha, iwe na mita chache nzuri za kuwaazima wanaokwenda mafunzo kwa vitendo. Wasaini wakichukua, wasaini wakirudisha.

Wakati tunasubiri hayo, wewe mwenye mita ya njano mezani, igeuze sasa hivi usome pembeni ya tundu la ampea. Halafu rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti, na uuache hapo kila unapomaliza kupima.